Mwenye Subaru STI ashike spana mwenyewe au amwachie fundi?

Wenye Subaru Impreza WRX STI, Nairobi kwa Dar es Salaam, hawajakubaliana kuhusu hili. Wapo wanaosema injini ya turbo si ya kujifunzia, mpelekee fundi ulipe. Wengine wamechoshwa na gereji: gari linaingia likimisi kidogo, yaani silinda moja haichomi mafuta sawasawa, linatoka limebadilishwa koili zote nne zinazozipa plagi umeme, na bado linatetemeka.

Kwenye kutafuta ugonjwa, naona hawa wa pili wana haki kabisa. Taa ya injini ikiwaka na kifaa cha kusoma kodi za hitilafu kikaonyesha P0301, silinda namba 1 inamisi. Kodi haijasema koili imekufa. Chomoa koili ya silinda 1, uibadilishane na ya silinda 3 iliyo upande uleule, futa kodi, kisha endesha. Ikirudi P0303, koili ndiyo mbovu. Ikibaki P0301, hamia kwenye plagi, halafu injekta inayopuliza mafuta. Subira ndogo tu, na umeepuka kununua spea usizozihitaji. Fundi mwenye foleni ya magari mlangoni mara nyingi hana nafasi ya kwenda hatua kwa hatua hivyo.

Oili nayo ni kazi ya mwenye gari, hapo sioni mjadala. Injini za EJ zenye turbo, ndizo zilizomo kwenye STI, zinajulikana kwa kula oili, na ikipungua huku unakata kona kwa kasi, beringi za konrodi, zile fimbo zinazounganisha pistoni na krankishafti, ziko hatarini. Kijiti cha kupimia oili kinasumbua kusoma, upande mmoja unaweza kuonyesha juu na wa pili chini. Pima injini ikiwa imepoa, gari likiwa mahali tambarare, na uamini upande unaoonyesha kidogo.

Wanaotetea mafundi wana hoja nzito kwenye mkanda wa taiming, unaozungusha kamshafti (shafti zinazofungua valvu) kwa kufuatana na pistoni, na unaobadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Kwa kuutazama, kazi yake inaonekana rahisi, kwani uko mbele kabisa ya injini. Lakini kamshafti za kushoto zinasukumwa na springi za valvu. Ukitoa mkanda bila kuzishika, zinaweza kuruka na valvu zikagongana. Ukikosea meno wakati wa kufunga, pistoni inaweza kukutana na valvu pale tu unapopiga stata. Linganisha na plagi: kuzifikia ni taabu, maana lazima utoe sanduku la filta ya hewa upande mmoja na betri upande wa pili, ila ukianza kuzikaza kwa vidole ni nadra kuharibu kitu.

Ndiyo maana mimi sipimi ugumu wa kazi, napima gharama ya kukosea. Mkanda mpe fundi, tena anayezijua EJ. Muulize atazuia kamshafti kwa kifaa gani, na kama atabadilisha tenshona (kikaza mkanda) na pampu ya maji papo hapo, kwa kuwa pampu hiyo inazungushwa na mkanda huohuo. Akisitasita, tafuta mwingine.