Peke yake? Muulizeni aliyemfungulia mlango

Nawaheshimu sana watu wanaovuka mabara kwa miguu. Jean Béliveau, Mkanada, alitoka Montreal Agosti 2000 akarudi Oktoba 2011, ameshapita nchi 64 na kutembea kama kilomita 75,000, akisukuma kigari cha magurudumu 3. Kigari nakielewa: nguo unaweza kuzipunguza, maji huwezi. Lita 1 ni kilo 1, na jangwani lita 1 si kitu.

Kinachonikera ni jinsi tunavyozisimulia safari hizi. Mtu mmoja, begi moja, hamtegemei yeyote! Si kweli, na tukisema hivyo tunawadhulumu watu. Miaka yote ile 11 mkewe Béliveau, Luce, ndiye aliyekuwa akimtumia fedha, na mara moja kwa mwaka alimfuata huko huko alikofika.

Au mtazame Mildred Norman, Mmarekani aliyejiita Peace Pilgrim, aliyetembea kuanzia 1953 hadi alipofariki 1981. Mali yake yote ilienea mifukoni: kitana, mswaki, kalamu, karatasi za ujumbe wake wa amani. Fedha hakuwa nazo. Alitembea mpaka apewe pa kulala, akafunga mpaka apewe chakula. Tunausifu wepesi wake, nami nausifu. Lakini blanketi ambalo hakulibeba lilikuwa la mtu fulani, na usiku ule mtu huyo alilitoa.

Mimi nilijifunza hayo katika safari ndogo tu, ya siku 6. Siku ya 2 mabega yalikuwa yamechubuka, nikamwaga vitu vyote chini: suruali ya pili, viatu vya akiba, sufuria, hema. Vyote nikavigawa. Nikabaki na maji, kanga ya kujifunika, na soksi jozi 2, moja miguuni na nyingine ikikaukia mgongoni. Nilijiona huru kweli kweli.

Siku ya 4 jioni mvua ikanikuta sina hema. Nikabisha kwenye nyumba ya kwanza niliyoiona. "Pita mwanangu, umelowa," akasema mama aliyefungua. Akazianika soksi zangu karibu na moto, akanipashia maji ya kukanda miguu. Kisha akamwamsha mtoto wake taratibu, akamlaza chini kwenye mkeka, ili mimi nipate kitanda.

Mzigo niliougawa siku ya 2 ulikuwa umebebwa na mtoto yule.

Ndiyo maana namkubali Paul Salopek, mwandishi wa habari Mmarekani aliyeanza safari yake ya miguu Ethiopia 2013: hutembea na wenyeji wa kila eneo, na huwataja majina. Wengine hutuhesabia jozi za viatu walizomaliza. Hata mimi, daftari langu la safari ile lina kilomita za kila siku, hali ya hewa na malengelenge yote. Jina la yule mama halimo. Sikumuuliza.