Mizinga ya Heshima Unguja, Damu Lugalo

Manowari ya kigeni ikitia nanga Dar es Salaam, picha huwa ni zile zile: mabaharia wamejipanga sitahani na sare nyeupe, bendi inapiga, balozi anapeana mikono na maofisa wetu. Mwaka 2024 ilikuja Peace Ark, meli ya hospitali ya jeshi la China, ikatibu watu, nami sina neno baya juu ya hilo. Ila desturi ya meli za kijeshi kuja kusalimia ina historia yake, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumeiachia pwani kana kwamba haituhusu. Inatuhusu sana. Vita ya Wahehe na Wajerumani haikuanzia Lugalo. Chanzo chake kiko kwenye maji ya Unguja.

Wapo wanaozitetea ziara za majini za karne ya 19, na hoja yao si nyepesi. Wanasema mizinga 21 ikipigwa na kujibiwa, kila upande umekiri kwamba mwenzake ni dola, na dola zinazoheshimiana huzungumza kabla ya kupigana. Wanaongeza kwamba masultani hawakuwa watazamaji tu. Sayyid Barghash, Sultani wa Unguja, alizuru Uingereza mwaka 1875 na kupokewa kifalme. Kimbunga cha 1872 kilikuwa kimeharibu meli zake, na mwaka uliofuata manowari ya Kiingereza HMS Glasgow ilipofika Unguja aliipenda, kisha akaagiza ya kwake kwa mfano ule ule, akaipa jina hilo hilo. Huyo hakuwa mtu wa kubabaishwa na bendera. Alikuwa mtawala aliyetaka kuhesabiwa sawa na wafalme wengine, na kwa miaka kadhaa alifanikiwa.

Ushahidi wao mkubwa ni Agosti 1885. Carl Peters, Mjerumani aliyekuwa akitafuta makoloni, alikuwa amepita Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwishoni mwa 1884 akikusanya alama za machifu kwenye karatasi alizoziita mikataba, na tarehe 27 Februari 1885 Kaisari akazipa hati ya ulinzi. Barghash akapinga. Ujerumani ikajibu kwa kuleta kikosi cha manowari chini ya Kamanda Paschen, zikatia nanga mbele ya jumba la Sultani. Mwezi huo huo aliletwa kwa meli ya Kijerumani hata dada yake, Salme, aliyekwisha kuolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Barghash alipewa makataa, akakubali. Hakuna aliyekufa. Ndiyo maana wapo wanaosema meli zile ziliepusha vita.

Hapo ndipo ninapoachana nao. Damu haikuepushwa, ilihamishiwa bara. Na kuna jambo la pili ambalo watetezi wa Barghash pia hulipita haraka: alichokikubali hakikuwa chake chote. Alidai bara hadi maziwa makuu, lakini hakuwa na askari hata mmoja Kalenga, makao ya Wahehe karibu na Iringa, na Mkwawa, mtawala wao aliyekuwa akizitawala njia za misafara kuelekea Usagara, hakuulizwa na yeyote. Watu wawili walijadiliana juu ya nchi ya mtu wa tatu, mmoja wao akiwa na mizinga.

Fuata nyayo za mtu mmoja utaona jinsi bahari ilivyopanda milima. Agosti 1888 Emil von Zelewski alikuwa ofisa wa kampuni ya Kijerumani pale Pangani. Kwa mkataba uliotiwa saini na Sultani Khalifa, aliyemrithi Barghash, kampuni ilikodishiwa utawala wa pwani, na Zelewski akataka bendera ya kampuni ipepee Pangani. Liwali alipokataa, Mjerumani aliita manowari Carola, wanamaji wakashuka na silaha, mji ukavurugwa na msikiti ukanajisiwa. Hasira ile ndiyo iliyowasha vita ya Abushiri, maasi ya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani. Wenyeji walimwita Zelewski "Nyundo", na alijifunza kwamba bendera ikikataliwa, meli huja. Miaka mitatu baadaye aliongoza jeshi Uhehe, ambako meli haifiki. Inasimuliwa kwamba Mkwawa alituma wajumbe wakutane naye, wakapigwa risasi. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walimshukia Lugalo, akafa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake.

Suala la wajumbe ndilo linaloniuma kuliko yote. Wazungu hao hao walikuwa na kanuni za mizinga mingapi apigiwe balozi na mingapi apigiwe konseli. Mjumbe wa Mkwawa hakuwa na cheo kwenye orodha hiyo. Jibu la Lugalo lilikuja Oktoba 1894, mizinga ilipoivunja ngome ya Kalenga. Mkwawa aliendelea kupigana porini hadi alipojiua Julai 1898, na fuvu lake, lililochukuliwa na Wajerumani, halikurudi Kalenga hadi 1954, mikononi mwa Gavana wa Kiingereza, Twining, kwa sherehe na hotuba.

Lazima nikiri kwamba heshima ya majini ilikuwa ya kweli pale pande zote mbili zilipokuwa na mizinga. Ziwa Nyasa ni ushahidi. Stima Hermann von Wissmann ililetwa vipande vipande kwa njia ya Zambezi na Shire, maji yaliyokuwa ya Wareno na Waingereza, na kuunganishwa mwaka 1893. Bila maelewano ya serikali hizo isingefika. Nahodha wake wa baadaye, Berndt, na Rhoades wa stima ya Kiingereza Gwendolen, walikuwa marafiki. Lakini tarehe 13 Agosti 1914 Rhoades alipata amri, akaenda Liuli, wakati huo Sphinxhafen, akampiga rafiki yake akiwa hajapata hata habari kwamba vita imeanza. Ikiwa urafiki wa walio sawa ulivunjika kwa amri moja, asiye na stima angetegemea nini?

Barghash mwenyewe hakuishi kuona mwisho wa meli yake. Glasgow, iliyojengwa kwa mfano wa mgeni aliyekuja kwa heshima, ilizamishwa na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika mashambulizi yaliyodumu chini ya saa moja. Miaka yote ile ya kupigiana mizinga ya salamu haikuipa Unguja kinga yoyote siku Uingereza ilipotaka sultani mwingine.

Kwa hiyo sisemi tuzifukuze meli za wageni. Ninachotaka kiko karibu zaidi. Mnara wa Wajerumani waliokufa Lugalo uko kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, na wanafunzi hupelekwa pale na Kalenga. Wakifika, waanze kuelezwa Agosti 1885, wapitie Pangani, ndipo wafike 1891. Walimu wa Kyela nao wana haki ya kueleza kwamba mpaka ambao wavuvi wao wanabishana nao hadi leo ziwani ulichorwa na mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa Julai 1890, ambao ndani yake kulikuwa na kisiwa cha Heligoland, kilicho mbali huko Ulaya, na hakukuwa na Mnyakyusa hata mmoja mezani.