Kimya sio ripoti

Mfumo ukianguka kazini swali la kwanza huwa "nani kafanya hivi?" Anapatikana jamaa mmoja, anapewa barua ya onyo, kikao kinaisha. Miezi michache mbele kitu kilekile kinaanguka tena, jamaa tu ndo mwingine.

Chukua ile feri Herald of Free Enterprise, Machi 1987, ilitoka bandari ya Zeebrugge kule Ubelgiji milango ya mbele ikiwa wazi, maji yakaingia sehemu ya magari, ikapinduka chap, watu 193 wakafa. Ukitaka wa kumlaumu yupo, aliyetakiwa kufunga milango alikuwa kalala. Sasa tumemaliza? Nahodha kule juu hakuwa na namna ya kuiona milango, utaratibu ulikuwa kama hakuna aliyeleta habari ya tatizo basi anahesabu kila kitu kiko sawa, anaondoka. Na manahodha walishaomba kabla ya hapo wawekewe taa ya kuonyesha milango imefungwa au la, ofisini wakapuuzwa. Taa tu jamani!

Kwangu mimi ugonjwa uko hapo, kimya kuhesabiwa kama "sawa". Kwenye mtambo wa mafuta wa Piper Alpha, 1988, Bahari ya Kaskazini, mchana mafundi walitoa vali ya usalama ya pampu moja na karatasi ya kusema hivyo ikaandikwa kabisa, ila kwenye kupokezana shifti habari haikufika, shifti ya usiku wakaiwasha pampu hiyo, mtambo ukalipuka. Watu 167 wakafa. Hapo sioni mvivu, naona watu wanaochapa kazi tu na habari imekwama njiani.

Kazini kwetu zamani bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, ilisetiwa itume imeili ikifeli tu. Hakuna imeili, kila mtu anajua mambo safi. Kumbe kilichokufa ni hicho chenyewe cha kutuma imeili, na bakapu nayo imekufa muda mrefu, tukaja kujua siku diski imeungua. Bosi akauliza nani alisahau kuangalia. Ukweli hakuna aliyesahau, maana hakuna aliyewahi kuambiwa aangalie, na nilikuwa nalijua hilo vizuri. Macho yote yakamgeukia dogo wa IT, na mimi nikakaa kimya.