Sheria si jalala la walioshindwa na hesabu

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, simu yangu haipoi. Safari hii alinipigia mama mmoja, jirani yetu wa siku nyingi, ninayemheshimu kama aliyenizaa. "Mwanangu, wewe umesoma umeme, utanielewa. Huyu binti hesabu zimemkataa kabisa. Si bora akasome sheria tu?"

Hilo "tu" lilinichoma.

Mimi ni mhandisi wa umeme, mdogo wangu ni wakili. Tulisoma chuo tukipishana mwaka mmoja, tukiishi kwa shangazi na kusomea meza ileile ya chakula. Nimeshuhudia kozi zote mbili zinavyomkamua mtu, na msimamo wangu ni kwamba sheria ni ngumu zaidi. Najua wahandisi wenzangu watanishangaa.

Umeme una ugumu wake, tena mkubwa. Mwaka wa kwanza unadhani ni fizikia ya PCM (mchepuo wa fizikia, kemia na hesabu) iliyoongezwa kurasa. Mwaka wa pili wanaingia Fourier na Laplace, mbinu za hesabu za juu zilizopewa majina ya wavumbuzi wake, unaletewa mzizi wa hasi moja, na unaambiwa hiyo ndiyo lugha ya umeme uliomo kwenye soketi ya ukutani. Darasani kwetu walidisko, yaani waliondolewa chuo kwa kufeli, watu waliokuja na A ya hesabu. Jioni moja nilikuwa maabara naunga saketi ya kugeuza AC, umeme wa ukutani, kuwa DC, umeme kama wa betri: transfoma, diodi nne, kapasita moja. Kapasita ya aina ile ina mguu wa chanya na mguu wa hasi, nami nikaifunga kinyume. Nilipowasha ilitulia kidogo, ikavimba kichwa, ikapasuka. Harufu yake kali nilifika nayo nyumbani kwenye shati.

Lakini kosa lile lilijitangaza lenyewe, sikuhitaji mwalimu wa kuniambia. Kwenye karatasi ni vivyo hivyo. Fezi moja, yaani waya mmoja wenye umeme, ni volti 230. Kati ya fezi na fezi unazidisha kwa mzizi wa 3, unapata karibu 400. Ukiusahau mzizi huo hesabu haifungi, unarudi mstari kwa mstari mpaka umkamate mwizi. Umeme hukupiga mapema, na hukuonyesha ulipokosea.

Sheria haina kapasita ya kupasuka. Usiku mmoja nilimkuta mdogo wangu ameinamia kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory. Mwanamke wa Kihaya aliachiwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia halali. Agosti 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Kesho yake tu ndugu wa ukoo akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo Kashasha, Muleba, kwa kuwa kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilisema mwanamke anaweza kutumia ardhi ya ukoo lakini hawezi kuiuza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akaamua kwamba kanuni hiyo haiwezi kusimama mbele ya haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984.

Nikamwambia, "Sasa kigumu kiko wapi? Mama kashinda." Akanitazama. "Kaka, wajane wawili walizipinga kanuni za mirathi kwenye Mahakama Kuu hiyohiyo, Dar es Salaam. Mwaka 2006 majaji wakakubali zina ubaguzi, wakakataa kuzifuta. Kesho kwenye mtihani natakiwa nimshauri mteja. Nimwambie nini?"

Sikuwa na jibu. Nilizoea maswali ambayo jibu lake liko mahali, hata kama silijui. Yeye alitakiwa azibebe hukumu mbili zinazovutana, aseme ipi inamfaa mteja wake na kwa nini, kisha ajiandae kumsikiliza wakili wa upande wa pili akitumia hizohizo kumpinga. Anayesema hiyo ni kazi ya kukariri hajawahi kuifanya.

Na kwa kuwa hakuna kinachopasuka, mtu anaweza kuvuka miaka yote ya shahada kwa desa, yaani kukariri notsi za wenzake, na GPA yake ikapendeza, asijue kwamba bado hajaielewa sheria. Anakuja kujua langoni. Oktoba 2022 lilitoka tokeo la Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile wenyewe wanayoiita Law School, wanakopita wenye shahada ya sheria kabla ya kuwa mawakili: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote walikuwa 26. Waliopewa sapu, yaani kurudia mitihani waliyofeli, 342. Walioondolewa 265. Nchi nzima ilipiga kelele, kamati ikaundwa chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Mimi niliwaza jambo moja: hawa wote walikuwa na shahada mkononi. Ni wangapi kati yao waliambiwa na mtu mzima wanayemwamini, "Hesabu zimekukataa, kasome sheria tu"?

Kuna na mzigo wa lugha. Laplace hajali Kiingereza chako kimenyooka kiasi gani. Mwanafunzi wa sheria anahukumiwa kwa kila neno, na anaandika mitihani kwa Kiingereza ingawa tangu 2021 sheria imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Hili linaniuma kuliko yote, maana mtoto mwenye akili ya kupima hoja anaonekana mjinga kwa sababu ya sentensi.

Nilimwomba mama yule aniletee binti mwenyewe. Nikamsimulia kisa cha shamba la Holaria kwa Kiswahili, bila kumwambia mwisho wake, nikamwuliza nani ana haki. Alikaa kimya muda mrefu, akichezea ncha ya khanga.

"Anko," akasema, "huyo aliyeshtaki, angeliuza yeye mwanamume, wangemzuia?"

Nikampigia mdogo wangu, nikampa binti simu.