Farasi Mvivu wa Kiholanzi

Jamani, hawa Waholanzi! Tuanze na nchi yenyewe. Sisi tunaiita Uholanzi, wao wanaiita Nederland, nchi ya chini. Holland kwao ni mikoa 2 tu kati ya 12, na Mfrisia, mtu wa mkoa wa Friesland, ukimwita Mholanzi anaweza kukununia mpaka jioni. Na jina hilo, ingawa hol kwao ni shimo, halina uhusiano wowote na shimo: lilikuwa Holtland, nchi ya miti.

Sasa njoo kwenye maneno. Hand ni mkono, schoen ni kiatu. Handschoen, kiatu cha mkono, ndiyo glavu. Ziekenhuis, nyumba ya wagonjwa, ndiyo hospitali. Unajisemea, kumbe lugha yenyewe nyepesi hivi! Schildpad, chura mwenye ngao: kobe. Haya. Nijlpaard, farasi wa Mto Nile: ni kiboko wetu yuleyule, na vimiguu vyake kama vya stuli, kapewa ufarasi. Basi ukikutana na luipaard kifua mbele: lui ni mvivu, paard ni farasi. Farasi mvivu! Kumbe chui. Neno limetoka kwenye leopardus ya Kilatini, watu wakalitafuna mpaka likafanana na farasi. Mwenzio anakimbizwa na chui, wewe unamtafutia majani.

Dawa yake, kwa maneno yaliyounganishwa kweli, ni kusoma kuanzia nyuma. Kipande cha mwisho ndicho bosi: kinabeba maana, na ndicho kinachoamua kama neno zima litatanguliwa na de au het, vile vijineno vinavyokaa mbele ya nomino. Het huis, basi het ziekenhuis. De schoen, basi de handschoen. (Na huyo "bosi" mwenyewe ametufikia kupitia Kiingereza, asili yake baas ya Kiholanzi. Hata "deki" unayopiga asubuhi ni dek yao, kifuniko.)

Majina ya watu ndiyo usiseme. Bakker ni mwoka mikate, Visser mvuvi, De Jong kijana hata akiwa na miaka 90. Yupo na Naaktgeboren, "aliyezaliwa uchi", kana kwamba sisi wengine tulizaliwa na suti! Yaelekea ni nachgeboren ya Kijerumani iliyopinda: mtoto aliyezaliwa baada ya baba kufa. Unacheka, kisha unaona aibu.

Halafu Van den Berg, "wa mlimani". Andika Jan van den Berg, v ndogo. Ukimwondoa Jan, v inakuwa kubwa, meneer (bwana) Van den Berg. Kwenye orodha za Uholanzi mtafute chini ya B. Akihamia Ubelgiji, yuko V. Unapekua daftari zima, kumbe mtu yupo, herufi ndiyo imehama.

Na mlima wenyewe? Mrefu kuliko yote katika Uholanzi ya Ulaya ni Vaalserberg, mita 322. Mchagga akifikishwa kileleni atauliza mlima unaanzia wapi.