Sakafu ya mbao haiuawi na viatu

Mwenye nyumba yenye watoto na wageni wa kila wiki akifika yadi ya mbao, swali lake la kwanza ni: ipi ngumu kuliko zote? Ataoneshwa mkongo, na bei ikimshinda ataelekezwa kwenye mkaratusi. Mninga wa Tabora na mtiki wa Longuza au Mtibwa huwekwa pembeni, eti ni laini.

Hoja ya ugumu si ya kupuuzwa. Kipimo chake, kiitwacho Janka, huangalia nguvu inayotakiwa kuzamisha golori ya chuma ya kipenyo cha milimita 11.28 hadi nusu yake ndani ya mbao. Mkongo, wenye kilo 800 hivi kwa mita ya ujazo, utastahimili mchi ulioanguka mahali ambapo mtiki wa kilo 650 utabonyea. Mikwaruzo, hata hivyo, ni habari nyingine. Mchanga unaoingia na viatu ni mgumu kuliko mbao yoyote, na kinachochunwa kwanza ni vanishi. Hapo zulia la mlangoni linasaidia kuliko jina la mti.

Sakafu nyingi zinaharibika kwa sababu mbao inacheza, yaani inavimba na kusinyaa kadiri unyevu wake unavyopanda na kushuka. Iliyokaa Dar es Salaam hutulia kwenye unyevu wa asilimia 15 hivi. Ipeleke Dodoma wakati wa kiangazi, itashuka hadi karibu 10. Mtiki uliopasuliwa bapa, yaani pete za mti zikiwa zimelala, hupungua upana kwa takribani asilimia 0.19 kwa kila asilimia moja ya unyevu inayoshuka. Ubao wa milimita 120 basi unapoteza milimita 1.1. Inaonekana kidogo, lakini chumba cha mita 4 kina mbao 33: jumla ni karibu sentimita 4 za nyufa, na huo ni mti unaosifiwa kwa kutulia! Mkaratusi, pamoja na ugumu wake wote, hucheza zaidi ya hapo, tena hupinda na kupasuka vichwani. Mninga hucheza kidogo kuliko hata mtiki. Mkongo nao umetulia, kwa hiyo anayeumudu hajakosea. Anayekosea ni anayenunua ugumu mtupu.

Tazama kichwa cha ubao kabla ya kulipa. Pete za mti zikisimama wima, ubao huo utacheza karibu nusu ya ule ambao pete zake zimelala. Ukiona ukanda mweupe ukingoni, ukatae: weupe huo ni chakula cha mchwa na dumuzi, hata kwenye mtiki. Kisha choma kipima unyevu katika mbao kadhaa, si moja.

Zege la chini ya mbao nalo lipimwe. Hukauka kwa mwezi mmoja hivi kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo la milimita 100 linadai miezi minne. Bandika nailoni ya sentimita 45 kwa 45, ziba kingo zote kwa utepe, uiache saa 16 au zaidi. Ukikuta matone au doa jeusi, fundi asubiri. Mbao zikae wiki mbili chumbani zitakamotandazwa, na pembeni mwa ukuta iachwe nafasi ya milimita 10 hadi 15. Baada ya hapo, deki ya ndoo ikome: maji yanayotuama kwenye maungio huinua kingo za mbao, na kitambaa kilichokamuliwa sana kinatosha.

Linganisha pia tiba. Kishimo kwenye mtiki, vanishi ikishaondolewa, hufunikwa kitambaa kibichi na kupitishwa pasi ya moto. Nyuzi zilizobonyea hunywa mvuke na kuinuka, kisha msasa na vanishi upya. Ufa ukijazwa lipu ya mbao wakati wa kiangazi, masika mbao zinavimba na kuitema lipu ile. Kiangazi kikirudi, ufa uko palepale.