Saa Inayorudi Nyuma

Leo nimeamshwa na barua pepe. "Tumevutiwa na wasifu wako, lakini..." Hiyo "lakini" mnaijua, sina haja ya kuwasomea iliyobaki. Imetoka kwenye anwani isiyopokea majibu, kwa hiyo hata kutukana huwezi.

Mimi ni msomi. Nina shahada, na shati la kola ninalo. Juzi nikalivaa, nikakaa mezani kwa heshima zote kufanya mtihani wao wa kuomba kazi, wa kodi za kompyuta, yale maagizo unayoiandikia mashine: maswali matatu, dakika 90. Ukishabonyeza "anza", imetoka hiyo. Zima kompyuta, zimia mwenyewe, saa inakwenda tu, maana inahesabiwa kwenye seva, kompyuta yao huko. Kamera iwake. Ukifungua ukurasa mwingine, umeandikwa. Ukibandika ulichonakili, umeandikwa. Ukitazama pembeni, umeandikwa. Nami nikifikiri natazama dari, ndivyo nilivyozaliwa.

Swali la kwanza, mchicha. La pili: orodha ya namba, hadi laki moja, useme jozi ngapi zinajumlisha kufikia namba fulani. Nikachukua namba moja, nikailinganisha na zote, nikaenda inayofuata. Mifano miwili waliyonionyesha ikapita, kijani tupu. Kumbe mingine wameificha! Kutuma tu, nyekundu: umezidisha muda. Laki mara laki ni bilioni 10, nani akungoje? Hata Mangi hapa dukani haulizi wateja wote mmoja mmoja. Anafunua daftari penye jina lako. Basi nikaanza kuandika la kwangu, kila namba na ukurasa wake, orodha ipitiwe mara moja tu. Zimebaki dakika 31.

"Hodi!"

Mama mwenye nyumba. Hodi ya mtu unayemdai unaweza kuinyamazia. Ya anayekudai, na taa inawaka?

"Karibu mama, shikamoo," nikasema bila kugeuza shingo, macho kwenye kamera.

"Marahaba. Unamwamkia nani huko?"

"Wewe, mama. Naandika kodi."

"Kodi!" Akakaa kitandani kabisa. "Alhamdulillahi. Ya miezi mingapi?"

"Si hiyo, mama. Ya kompyuta."

"Kompyuta nayo umeipangisha?"

Dakika 27. Akainuka, akasogeza uso mpaka kwenye kioo, miwani puani. Sasa kwenye kamera tupo wawili, na kwa taratibu zao mtu wa pili ni mwizi wa majibu.

"Huyu kijana mbona kakonda? Aah, ni wewe. Na hii saa mbona inarudi nyuma?"

"Ikifika sifuri wananifungia."

"Mwanangu! Umekopa kwenye simu?" Akaigeukia kamera. "Jamani, hamjambo? Mvumilieni, ni mtoto mzuri, hata mimi ananidai... namdai miezi miwili."

Dakika 22. Nikamwomba kwa adabu. Nikamwomba kwa adabu kidogo. Hatimaye nikapaza sauti, Mungu anisamehe, nikamwambia mama mtu mzima, "Toka nje!" na kipaza sauti kimewaka. Hakutoka. Alikuwa amekuja na shida yake, simu imejaa. Dakika 14, umeme ukakata. Betri yangu hukaa dakika tatu, mkinisifu.

Nani alikaa akasema fundi hupimwa hivi? Kazini kwangu kwa zamani nilihangaika na kosa moja siku nne, nikalikuta ni koma. Hakuna aliyenitazama macho!

Jana nimempelekea simu yake, nimeisafisha. Picha elfu mbili na ushee, zote "asubuhi njema" zenye mawaridi. Nyingine kikombe cha chai na mvuke unapanda kweli, unacheza. Nimezifuta nusu. Leo ananinunia, anasema nimemfutia shoga zake. Na ile ya chai kashaitafuta, kanitumia.